Greda Lililokojolewa na Simba

Ninyi vijana mkipanda bodaboda kutoka Kimamba kwenda Kilosa mnalalamika kwamba barabara ina vumbi. Nikiwasikia nacheka kimoyomoyo. Mnalijua vumbi tu, harufu hamjakutana nayo. Kaeni niwaambie.

Naitwa Tatu, na miaka yangu ya kazi niliimaliza juu ya greda. Ndiyo, lile dude refu la njano lenye kisu kikubwa cha chuma tumboni, linalokwangua barabara mpaka inyooke. Nilikuwa opereta, si mpishi wa mafundi kama wengi walivyodhani. Nikipita Kimamba wanaume walisimamisha baiskeli kunitazama mwanamke niliyekaa huko juu, na wengine walisahau kushusha mguu wakaanguka nazo. Hao sikuwainua.

Kazi yetu ilikuwa kuchonga njia za mbugani Mikumi, upande wa uwanda wa Mkata, na ile njia ya zamani inayotoka mbugani kupita mashamba ya mkonge hadi Kimamba, ambako karakana yetu ilikuwa. Udongo wa kule ni mweusi. Mvua ikikatika, unasubiri ukauke juu na chini ubaki na unyevu kidogo. Ukiwahi, unapika uji. Ukichelewa, unavunja matofali. Hili mtu hafundishwi darasani. Nililijua baada ya kupika uji barabara nzima, magari ya wageni yakazama humo, na mimi nikalipungia kila moja mkono kana kwamba ndivyo ilivyopangwa.

Jambo la pili nililojifunza ni kwamba simba wanapenda barabara iliyochongwa. Kila asubuhi nilipoanza kazi nilikuta nyayo zao juu ya kazi yangu ya jana, wamepita katikati kama wakaguzi. Mimi nikajiona napendwa. Nikamwambia Mbegu, "Unaona? Hata simba wanajua kazi nzuri."

Mbegu alikuwa askari wa wanyamapori aliyepangwa kutulinda na bunduki. Mrefu, mwembamba, na alikuwa na maelezo ya kila kitu. Nusu ya maelezo yake ilikuwa kweli, shida ilikuwa kujua ni nusu ipi. Siku moja alinihakikishia kwamba twiga hapigi chafya. Hatujatoka pale, twiga akapiga chafya. Mbegu akasema, "Huyo anaumwa."

Lakini kuhusu simba, alikuwa upande wa nusu nzuri.

"Dada Tatu," aliniambia, "simba hawakupendi wewe. Umande unawakera kwenye majani, ndiyo maana wanatumia njia yako. Tena madume hawatembei tu, wanakagua mpaka. Wewe unawachongea mpaka."

Akanionyesha kichaka kando ya njia. Chini yake udongo ulikuwa umeparuliwa kwa miguu ya nyuma, na majani yalinuka vibaya. Dume akitaka kutangaza kwamba eneo ni lake, anageuka, anainua mkia, anarushia nyuma. Kwa hiyo, wanangu, simba akiwageuzia mgongo msifikiri amewadharau. Sogeeni pembeni taratibu. Msikimbie, maana kinachokimbia anakifukuza.

"Mwenye nyumba ni jike," Mbegu aliendelea. "Anazaliwa hapo, anazaa hapo, anafia hapo, yeye na dada zake na shangazi zake. Dume anakuja na ndugu zake kulinda. Wakiwa na nguvu wanakaa. Wakizeeka, wanakuja wengine wenye ndugu, wanawafukuza."

"Na asiye na ndugu?"

"Huyo ni kama mtu anayegombea udiwani kijiji ambacho hana hata shemeji."

Upande wa kusini wa Korongo la Mikoche waliishi majike na watoto wao, wakilindwa na madume watatu wazee. Mbegu aliwaita Kamati, yaani Mwenyekiti, Katibu na Mhazini. Walikuwa na manyoya meusi na makovu puani, na walitembea polepole kwa mstari mmoja kama watu wanaokwenda kikao ambacho ajenda yake wanaijua. Upande wa kaskazini, unaoelekea Kimamba, wakaingia vijana wawili wa tumbo moja, manyoya yakiwa ndiyo kwanza yanaota. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, kila mahali watu wanazungumzia biashara kufunguliwa, basi Mbegu akawaita Soko na Huria. Hao hawakunguruma. Walikuwa hawajapata eneo, na simba asiye na eneo hanyanyui sauti. Walipita kimya kama wageni waliofika kwa shemeji bila taarifa.

Sasa, katika hali hiyo, greda langu likafa. Likafa katikati ya Korongo la Mikoche, kwenye kivuko, juu ya mpaka wenyewe.

Ilikuwa pampu ya dizeli. Fundi wetu, Sudi, Mnyamwezi wa Tabora na mtani wangu, alikwenda Morogoro kutafuta spea. Zamani spea haikuwapo kabisa, ungeomba kibali mpaka nguo zichakae. Wakati huu maduka yalikuwa yamejaa. Sudi akarudi na pampu mpya inayong'aa, tukaifunga, ikafanya kazi kwa muda wa kukohoa mara moja. Ilikuwa feki. Akaenda tena, akarudi na nyingine, ambayo ilikuwa ya trekta. Safari hiyohiyo akajinunulia na koti la ngozi la mtumba. Ukimwuliza kuhusu pampu, alikuonyesha koti.

Siku zikapita greda likiwa korongoni. Meneja wetu akatuita.

"Kuna mfanyabiashara anakuja siku ya mnada," alisema. "Ananunua vyuma. Greda lisipokuwa hapa karakanani linatembea lenyewe, analikata huko huko na kulibeba vipande. Na bila greda, opereta na fundi wa nini?"

Wakati ule watu walikuwa wakipunguzwa kazini kila upande, mashamba ya mkonge, reli, kote. Mimi nilikuwa na watoto watatu na mama mgonjwa, na sikujua kazi nyingine. Sudi alijua nyingine, ya kuchuna ngozi za mbuzi, lakini aliichukia.

Pampu ya tatu ilikuwa kuukuu, Sudi aliing'oa kwenye mtambo mbovu uliotelekezwa shamba la mkonge. Asubuhi ya mnada tukaondoka mapema na gari la doria, Mbegu akiendesha.

Tulilinusa greda kabla ya kuliona.

Sijui niwaelezeje. Chukueni mkojo wa paka, uzidisheni, uacheni juani juu ya chuma, halafu mje tena kesho yake kuuongeza. Kamati walikuwa wamelirushia upande wa kusini, magurudumu yote, mpaka ngazi ya kupandia. Soko na Huria, kwa kuwa hakuna aliyewaona, walijibu upande wa kaskazini. Kamati wakarudi kujibu jibu. Greda lilikuwa limegeuka ubao wa matangazo.

"Safi sana!" alisema Mbegu. "Hii ni mara ya kwanza naona vijana wanathubutu. Wanaanza kudai eneo."

"Mimi naona naanza kutapika," alisema Sudi.

Akavua koti lake, akalitundika kwa heshima kwenye kibanda changu, akaingia chini ya greda. Mbegu alibaki kwenye gari, juu ya ukingo wa kaskazini, na bunduki yake. Mimi nikapanda kwenye usukani. Kibanda cha greda lile kilikuwa na paa na nguzo nne, basi. Mlango wala kioo havikuwapo.

Jua lilikuwa limeshapanda vizuri Mbegu alipoanza kupunga mikono kama mtu anayefukuza nyuki.

"Msipige kelele!" alipiga kelele. "Kamati hao!"

Nilitazama nyuma. Walikuwa wakiteremka korongo mmoja nyuma ya mwingine, kwa mwendo wa kikao. Sudi alitoka chini ya greda kwa kasi ambayo sijaiona tena kwa binadamu, akapanda magurudumu, akanikalia mapajani.

"Sudi, shuka."

"Dada, nishuke wapi?"

Mhazini akaja akajilaza kwenye kivuli cha kisu cha greda. Katibu akaketi mbele, akapiga miayo. Mwenyekiti ndiye aliyetuzunguka, akinusa upande wa kaskazini, na kila aliponusa mkunjo wa pua yake uliongezeka.

"Anasoma!" Mbegu aliita kutoka ukingoni. "Msiogope, anasoma tu! Amekuta jina la mtu mwingine!"

"Piga risasi hewani!" nikamwambia.

"Nikipiga watashtuka! Wakishtuka watapanda juu!"

Mwenyekiti alimaliza kusoma. Akageuka, akatupa mgongo. Nilimwona akiinua mkia na nikajua, lakini nilikuwa na fundi mapajani na sikuwa na pa kwenda. Ilipiga ngazi, ikapiga pembeni mwa kiti, ikapiga koti la ngozi kuanzia ukosi hadi mfukoni, na iliyobaki akaipata Sudi mguuni. Yule mtu akalia kwa sauti ndogo sana, kama birika linaloanza kuchemka.

"Nati moja," alininong'oneza. "Imebaki nati moja tu kukaza."

"Kaza basi."

"Spana iko chini. Mhazini ameilalia."

Nati ilikuwa inafikika kutoka juu, ukiinama kupitia pembeni mwa injini. Nikamshika Sudi mkanda wa suruali, akaninginia kichwa chini, akazungusha kitambaa kwenye nati na kuikaza kwa vidole huku akimtaja Mungu na kumtukana yule muuza pampu wa Morogoro, mmoja baada ya mwingine. Nikajaribu kuwasha. Kimya. Nikajaribu tena. Greda likakohoa, likatoa moshi mweusi, likanguruma.

Kamati waliruka nyuma wote watatu, kisha wakasimama kwa aibu, wakajifanya hawakuruka. Nikainua kisu, nikaingiza gia, nikapanda ukingo wa kaskazini kuelekea Kimamba. Walitufuata mpaka mwisho wa kivuko, na hapo wakakoma, kama kuna ukuta. Wakanguruma kwa pamoja. Ngurumo ya simba ukiwa umekaa juu ya chuma husikii masikioni, unasikia makalioni.

Nikafikiri tumepona. Kumbe nilikuwa nimebeba harufu ya Kamati, mbichi, na sasa naipitisha katikati ya eneo la wengine, gurudumu kwa gurudumu.

Soko na Huria walitokea kwenye mikoche. Hawakututazama sisi. Walitazama alama za magurudumu, wakanusa, wakatazamana. Kwao ilikuwa wazee wamevamia. Basi wakaingia barabarani nyuma yetu, na kila hatua kadhaa mmoja anasimama, anageuka, anarusha, anaparua, anakimbia kumfikia mwenzake. Nyuma yao Mbegu na gari la doria, hawezi kupita, anapiga honi. Tulikwenda hivyo, greda, simba wawili na gari, kama msafara wa bwana harusi.

Halafu Soko akanguruma. Ilitoka mbaya, imekatika katikati kama sauti ya kijana anayebalehe. Huria akamsaidia. Ya pili ikawa bora. Kwa ya tatu, Mbegu aliacha kupiga honi.

"Leo wamepata eneo!" alipiga kelele dirishani, na nawaambieni alikuwa na machozi. Mimi pia nilikuwa na machozi, lakini yangu yalitokana na kiti.

Mashamba ya mkonge yalipoanza na harufu ya moshi wa watu ikasikika, wale ndugu wakasimama. Wakanusa upepo, wakarudi zao polepole. Walijua mwisho wao. Mimi sikujua wangu, nikaendelea moja kwa moja mpaka Kimamba, siku ya mnada, upepo ukinitoka mgongoni.

Mbwa ndio waliojua kwanza. Hawakubweka. Walikunja mikia na kuingia nyumbani kwa watu, mpaka chini ya vitanda. Halafu punda mmoja akaondoka na mkokoteni wake wa viazi bila mwenyewe. Halafu ng'ombe.

Walikuwa wa Mzee Saning'o, mfugaji wa uwandani, kundi zima ameliswaga toka alfajiri kuleta mnadani. Waliinua vichwa mara moja tu. Kisha wakapasuka kila upande, na wengi wakapitia soko la mitumba. Nguo ziliruka kama njiwa. Dume moja kubwa jekundu lilitokea upande wa pili limevaa gauni la harusi kwenye pembe, shela ikipepea, na Mama Ashura muuza mitumba akilikimbiza.

"Livue!" alipiga kelele. "Au linunue! Livue!"

Nilizima greda. Mzee Saning'o akaja na fimbo yake, shuka begani, hasira imemkaa usoni.

"Shikamoo mzee," nikasema kutoka juu.

"Marahaba. Mama, hilo chuma linakula nini?"

"Dizeli, mzee."

"Basi kwa nini linanuka kama limekula simba?"

Nikamweleza yote. Alisikiliza mpaka mwisho, akamtazama Sudi mguu, akauma midomo asicheke. Akashindwa. Alicheka mpaka akaikalia fimbo yake. Kisha akasema, "Sasa shukeni. Mtanitafutia ng'ombe wangu."

Lakini kwanza meneja alikuwa anatungoja karakanani na mfanyabiashara wa vyuma. Bwana mnene, mkarimu, shati jeupe pee. Alikuwa na mafua makali, kwa hiyo harufu hakuipata. Alilizunguka greda akigonga kwa kidole, akasema, "Chuma kizuri," akapanda, akakaa kwenye kiti changu. Akajiegemeza. Akakumbatia na usukani.

Nikamwacha ajipake. Hakuniuliza.

Aliposhuka, kuku wa karakana walipanda juu ya bati. Mbuzi wa jirani alikata kamba. Alipofika kwenye gari lake, mbwa wake mwenyewe, aliyekuja naye toka Morogoro, alitokea dirisha la upande wa pili na kwenda zake. Yule bwana alimwita kwa jina la mapenzi mpaka sauti ikamkauka. Mbwa alikaa mbali akimtazama kama mtu asiyemjua.

"Mmelifanyia nini greda hili?" alituuliza.

Sudi akamjibu kwa adabu zote, "Mzee, halijafanyiwa dawa yoyote. Ni simba tu."

Nadhani ni neno "dawa" lililommaliza. Akamwambia meneja hataki, hata kwa bure, na akaondoka kwa miguu, maana mbwa alikataa kuingia garini na yeye alikataa kumwacha. Dereva wake aliwafuata na gari nyuma, polepole, yeye mbele, mbwa mbali pembeni.

Meneja alilitazama greda. Akatutazama sisi. "Maadamu linatembea," alisema, "Jumatatu lirudi kazini. Lakini lioshwe kwanza." Tukabaki na kazi, mimi na Sudi, miaka mingine mingi.

Mchana wote tulitafuta ng'ombe. Saning'o alitupanga, mimi huku, Mbegu kule, na Sudi akaambiwa asogee mbali kabisa na aelekee upande ambao ng'ombe hawatakiwi kwenda. Huo mguu wake ulifanya kazi ya vijana wanne wenye fimbo. Wa mwisho kupatikana alikuwa lile dume jekundu. Tulilikuta stesheni ya reli, limesimama jukwaani na shela yake, limetulia kama abiria aliyepewa miadi. Mama Ashura akarudishiwa gauni. Jumamosi iliyofuata mtu akalinunua, na aliolewa nalo vizuri tu.

Mke wa Sudi hakumruhusu kuingia ndani. Alimwogesha uani kwa majivu na ndimu, akamwogesha tena, kisha akamletea mkeka alale karakanani. Koti Sudi hakulitupa. Alilivaa miaka mingi, na mtaani kwao hakuna mbwa aliyemsogelea.

Mambo ya korongoni hayakuwa ya kuchekesha yote. Vijana wawili wale, wakishapata sauti, hawakunyamaza tena. Baada ya masika walivuka. Katibu tulimkuta amekufa kando ya njia, na Mbegu alivua kofia. Mwenyekiti na Mhazini waliondoka wakielekea milimani, mmoja akichechemea, na hatukuwaona tena. Watoto wadogo wa majike nao hawakupona. Dume mpya hana huruma kwa watoto wa mwingine, ndivyo walivyo. Majike walihama na watoto wakubwa, tukafikiri nchi imewashinda.

Kiangazi kilipokaza wakarudi. Nilikuwa kwenye kivuko, najaza changarawe, nikawaona wanashuka kwenye kidimbwi kilichobaki. Mbele alikuwa jike mkubwa, sikio limechanika, Mbegu alimwita Mama Mkubwa. Soko na Huria walikuwa wamelala pale pale kando ya maji, wameshanenepa, manyoya yamejaa, wanatawala pande zote mbili za korongo.

Nikazima injini. Mbegu akashika bunduki.

Mama Mkubwa alikwenda moja kwa moja. Huria alinyanyuka, akajitanua, akafungua kinywa kunguruma. Hakufika mbali. Jike lile lilimchapa kofi la pua, moja tu, la shangazi. Huria akakaa. Soko, ambaye hakuguswa, naye akakaa. Kisha wakasogea, kinyumenyume, mpaka nafasi ikatosha, naye akainama kunywa.

"Unaona, dada Tatu? Mwenye nyumba huyo," Mbegu alininong'oneza.

"Naona."

Basi tukangoja sote, Soko, Huria, Mbegu na bunduki yake, na mimi na greda langu, mpaka yule mama aliponyanyua kichwa, akalamba midomo, na kuwaachia wenzake zamu ya kunywa.